Miguu, matatu, boda, gari au kibanda: njia ipi ya kumpelekea mgonjwa chakula Nairobi itakugharimu kidogo?

Ukijiunga na kikundi cha kuwapelekea chakula wazee na wagonjwa wasiotoka nyumbani, kiwe cha jumuiya, cha msikiti au cha majirani tu wa mtaa, swali la kwanza utakaloulizwa ni utafika vipi. Wengi hulijibu kwa kupiga hesabu ya nauli. Hesabu hiyo ni nusu. Kazi hii ina bili mbili. Ya kwanza ni ya barabarani: nauli, mafuta, kredo ya simu, saa zinazopotelea kwenye jamu. Ya pili ni ya mlangoni, na huanza pale shosho, yaani bibi mzee, anapopokea sahani, anakuombea baraka, kisha anasema, "Na kwa vile umekuja, mwanangu..." Hapo ndipo zinapoingia tokeni za stima, dawa ya maumivu, mtungi wa maji, na siku moja mchango wa matanga.

Mimi huwapanga watu wapya kwenye kazi hii huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Wanaoacha, wachache sana huacha kwa ajili ya nauli. Wengi huachia mlangoni. Na njia iliyo rahisi barabarani mara nyingi ndiyo ghali mlangoni, jambo ambalo mtu haambiwi siku anapoandikisha jina. Kwa hiyo nitazilinganisha njia tano kwa bili zote mbili. Bei nitakazotaja zichukue kama za kawaida ya siku kavu; mvua ikishuka saa kumi na moja jioni, kila kitu Nairobi hubadilika bei.

Kwanza chombo

Kabla hujachagua njia, angalia chakula chenyewe kinakuruhusu nini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na kikiwekwa moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi. Wewe ukila wali ulioharibika utaharisha siku moja, kesho uko kazini. Mzee wa miaka themanini anayeishi peke yake akiharisha, hana hata wa kumpa maji. Saa mbili hizo huanza kuhesabiwa jiko linapozimwa, wala si unapofika steji. Hotipoti iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka kabla ya kutiwa chakula, ikafungwa kwa leso mbili, inashika moto vizuri zaidi kuliko ile mpya iliyotolewa kabatini ikiwa baridi.

Vyombo ni gharama inayosahaulika. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, huwezi kumimina githeri kwenye mfuko ukamwachia mtu. Lazima chombo, na chombo kikishaingia nyumbani kwa watu, kutoka kwake ni majaliwa: kimewekwa chumvi, jirani amekiazima, mjukuu amekwenda nacho shuleni. Waliozoea huweka vyombo viwili kwa kila nyumba, kimoja kikiingia kingine kinatoka, na hawasimami mlangoni kusubiri kioshwe. Kikundi kinunue vyombo. Ukinunua vyako, utavililia peke yako.

Miguu au matatu

Kama unaishi Umoja na shosho wako yuko ploti ya tatu kutoka kwako, miguu haina mshindani. Uji unafika ukifuka moshi, hotipoti ya bei huhitaji, na unaweza kupita saa moja asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kuna ngazi, ndiyo. Nyumba nyingi za ghorofa za Pipeline au Huruma hazina lifti, na kuzipanda hadi juu kabisa mchana wa stima kukatika, mkono mmoja umeshika hotipoti na mwingine unapapasa ukuta, nguo zilizoanikwa zikikudondokea maji kichwani, ni kazi ya magoti. Mwenye magoti mabovu aseme mapema apewe nyumba za chini. Msimu wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, vijia vya Mukuru na Mathare huwa tope tupu, na viatu vya kufaa ni gharama nyingine ndogo. Lakini kwa jumla, barabarani miguu ni karibu bure.

Bili yake inakusubiri mlangoni. Anayekuja kwa miguu ni jirani, na jirani hafungi ofisi. Utaitwa saa nne usiku kwa sababu balbu imeungua. Utakutana na binti yake sokoni akueleze matatizo ya nyumba nzima mbele ya mama mboga. Ukisafiri wiki moja bila kuaga, utarudi ukute umenuniwa. Nimemwona mama mmoja akibadilisha njia ya kwenda dukani ili asipite mbele ya dirisha la mzee aliyekuwa akimhudumia, na huyo mama hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Alikuwa amechoka.

Matatu ni kinyume chake. Barabarani inauma, mlangoni inakulinda. Kutoka Umoja kwenda Kariobangi, Outering inakutosha kwa gari moja. Lakini kama nyumba iko Kangemi, magharibi mwa jiji, unaingia tao, yaani katikati ya jiji, kwanza, unatembea kutoka steji moja hadi nyingine na mzigo mkononi huku simu umeibana kwapani, halafu unapanda ya pili. Hizo ni nauli nne kwenda na kurudi. Tuseme kila moja ni shilingi 50 hadi 80: siku moja ni 200 hadi 320. Ukienda mara mbili kwa wiki, mwezi unakula kati ya 1,600 na 2,560. Sasa linganisha na hii: mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 kwa mwezi, tena zimekuwa zikichelewa. Nauli yako peke yake inaweza kuzidi pesa yote ambayo serikali inamtumia mtu unayempelekea chakula. Kikundi kinachomtuma mtu wa Umoja Kangemi, ilhali Kangemi yenyewe imejaa watu wenye miguu, hakijakaa chini kupanga.

Ukilazimika kutumia matatu, nenda kati ya saa nne asubuhi na saa tisa. Saa hizo nauli imetulia na kiti kipo. Hotipoti ikae magotini. Ukiiweka chini itapigwa teke na ukiiweka kwenye injini karibu na dereva, makanga atakuambia ulipie kiti. Ukibeba pilau, jiandae kuulizwa na gari zima unauza sahani ngapi.

Faida ya matatu ni kwamba inakupa sababu ya kuinuka. "Wacha niwahi kabla nauli haijapanda, shosho." Hakuna mtu wa Nairobi, mkubwa kwa mdogo, atakayekasirikia maneno hayo. Aliyekuja kwa miguu hana maneno kama hayo.

Gari lako mwenyewe

Gari ndilo njia pekee inayoweza kuwa ghali barabarani na mlangoni kwa wakati mmoja, na bado likawa chaguo bora. Inategemea nyumba ngapi unazipitia.

Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, katikati ya kila mwezi, na waliokuwa wakiendesha mwishoni mwa 2023 wanakumbuka petroli ilipopita shilingi 217 kwa lita Nairobi. Chukua bei ya wastani zaidi, 180 kwa lita, na gari dogo linalokwenda kilomita 10 kwa lita kwenye jamu ya Jogoo Road. Mzunguko wa kilomita 20 ni lita mbili, yaani shilingi 360. Kwa nyumba moja, huo ni wazimu. Chakula chenyewe hakifiki nusu ya hapo. Kwa nyumba kumi, ni shilingi 36 kila mlango, chini ya zile nauli za matatu nilizotaja. Kwa hiyo mwenye gari asipewe nyumba moja ya huruma. Apewe mzunguko mzima, na mtu wa pili wa kushuka na kugonga milango wakati yeye anabaki na gari. Akiwa peke yake itambidi amwachie kijana wa pale kitu kidogo aliangalie, na kitu kidogo mara kumi si kidogo tena. Matairi na springi sijazihesabu, ingawa barabara za ndani ya mitaa yetu zitazihesabu zenyewe.

Hata kwa waliotutangulia, wenye gari hubeba sehemu yao. Sheria ya kodi ya Marekani, ambako chakula cha namna hii kimekuwa kikipelekwa majumbani tangu 1954 kule Philadelphia, humruhusu anayejitolea kwa gari lake kupunguza senti 14 kwa kila maili kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kiwango hicho kiliwekwa na Bunge la huko mwaka 1997. Cha safari za biashara kwa mwaka 2025 kilikuwa senti 70. Tofauti ya hapo anaimeza mwenye gari. Sisi hatuna hata hizo senti 14, kwa hiyo ni kikundi chenyewe kinachopaswa kuweka fungu la mafuta, na mwenye gari asione haya kulitumia. Kuna watu wanaodhani kurudishiwa pesa ya mafuta kunafuta thawabu. Hao mara nyingi ndio huchoka kwanza, na wakichoka, nyumba kumi zinalala njaa kwa siku moja.

Mlangoni, gari likishaonekana umekuwa ambulensi. Utaombwa upeleke mtu kliniki, umrudishe, upitie duka la dawa, na kwa kuwa unaelekea huko, umbebe na dada yake. Mara moja moja si neno. Tatizo ni mgonjwa mahututi. Gari la kujitolea halina oksijeni, dereva hana mafunzo, na mtu akizidiwa kwenye kiti chako cha nyuma hapo Donholm, utakuwa na mzigo ambao hakuna kikundi kitakachokusaidia kuubeba. Andika 1199, nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, kwa kalamu nene ukutani karibu na kitanda, mbele ya familia, siku ya kwanza kabisa. Hapo utakuwa umejibu ombi kabla halijaja.

Boda: kupanda au kutuma?

Kupanda boda mwenyewe, hotipoti katikati yako na dereva, sikushauri. Inaokoa muda, lakini mkono unaopaswa kushika boda unashika chakula, na ukiambiwa "shika vizuri" tayari mmeingia kwenye shimo. Kama ni lazima, funga mzigo mgongoni na uvae helmeti, hata kama ile ya dereva inanuka jasho la abiria wa wiki nzima.

Kutuma ni jambo jingine. Dereva anachukua chombo kwako, anakifikisha, unamlipa. Ndani ya mtaa mmoja au miwili ni 100 hadi 200. Kuna hesabu ndogo hapa ambayo wengi huipuuza: kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakuna tozo, kuanzia 101 hadi 500 tozo ni shilingi 7. Mkielewana kwa mia moja kamili, umeokoa saba kila mara. Ni pesa kidogo, lakini ni mkate nusu kila baada ya siku kadhaa.

Gharama halisi ya kutuma boda ni kredo na wasiwasi. Dereva mgeni hatapata mlango. Atapiga simu yuko kwa geti, soja hamjui, ploti ina milango arobaini na yote ni ya bluu. Utampigia jirani, jirani atampigia mtoto. Kufika kwa chakula, dakika kumi za simu zimekwenda na ugali umekuwa jiwe. Dawa yake ni dereva mmoja tu, yule yule, uliyempeleka wewe mwenyewe mara ya kwanza na kumtambulisha kwa jina. Akishazoea, atakuwa anaijua nyumba kuliko wewe. Atakwambia mzee leo hakufungua haraka, au sahani ya jana iko pale pale haijaguswa. Hiyo ni habari kubwa sana, kwa sababu mgonjwa akiacha kula kuna jambo. Mwongezee kitu mwisho wa mwezi. Asilazimishwe kumpiga mzee picha na chakula kama uthibitisho. Nimeona vikundi vikifanya hivyo, na wazee wanachukia ingawa hawasemi.

Mlangoni, boda inakuondoa kabisa. Maombi hayakufikii, au yanakufikia yakiwa yamepoa. Kwa mwenye kazi ya kuajiriwa asiyeweza kutoka saa sita mchana, hii ni nafuu. Lakini mgonjwa aliyekuwa akingoja chakula pamoja na mtu wa kuzungumza naye sasa anapata chakula peke yake. Kama unatuma boda siku za kazi, nenda mwenyewe Jumamosi moja moja, mikono mitupu ukipenda.

Kibanda kilicho jirani naye

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, na kwa nyumba ya mbali ndiyo ningeianza nayo. Usipike, usibebe. Tafuta mama mwenye kibanda karibu na nyumba ya mgonjwa, mkubaliane sahani ya mchana kila siku, umlipe kwa wiki. Ndengu na chapati, githeri, au ugali na sukuma bado unaweza kuvipata kwa 80 hadi 120 katika mitaa mingi. Yeye atavuka ua na sahani au atamtuma mwanawe. Chakula hakipandi matatu, hakikai saa mbili, na sahani inarudi kwa mwenyewe jioni.

Rudi kwenye ile safari ya Kangemi. Nauli 200 ili ufikishe githeri yenye thamani ya 60. Kwa pesa hiyo hiyo kibanda kingemlisha siku mbili. Kwa upande wa shilingi, hakuna cha kubishania.

Mabaya yake ni mengine. Kwanza ni chumvi na mafuta. Chakula cha kibanda kimepikiwa mtu wa mjengo anayetoka jasho kutwa, hakikupikiwa shosho mwenye presha. Inabidi uongee na mama wa kibanda, tena kwa heshima, kwa sababu kumwambia mpishi apunguze chumvi ni kama kumwambia anakosea. Wenye ustadi humwomba amtolee mgonjwa fungu lake kabla ya kutia chumvi ya mwisho. Mwenye sukari asirundikiwe chapati kila siku. Asiye na meno apate ndengu zilizopondwa au uji, asipewe githeri.

Pili, kibanda si mkahawa. Kanjo, askari wa kaunti, wakipita asubuhi, hakuna chakula mchana. Mama akienda mazishini ushago, hakuna chakula wiki nzima. Panga kibanda cha pili, au jirani mwenye unga na kuni, mapema.

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi: malipo yakichelewa, mama wa kibanda hamnyimi mgonjwa chakula. Anaendelea kumpa kwa deni. Mchango wa kikundi ukikawia wiki mbili, anayegharamia kujitolea kwenu ni mwanamke anayeuza sahani ya 80 pembeni mwa barabara, na hatalalamika kwa sababu mgonjwa ni jirani yake. Mlipeni kabla ya wiki kuanza. Kama hamwezi kulipa kabla, msianzishe.

Bili ya mlangoni nayo haikupotea, imehamia kwake. Yeye ndiye ataombwa maji, yeye ndiye atakayegongewa usiku. Kikundi chenye akili humwongezea kitu kwa hilo na kumhesabu kama mwenzao, wala si kama muuzaji tu.

Mlangoni

Sasa turudi pale kwenye "kwa vile umekuja". Maombi huanza madogo mno kiasi kwamba kukataa ni aibu. Tokeni za hamsini. Mtungi wa lita ishirini, na uuteke wewe. Vidonge viwili vya maumivu. Kila kimoja ni chini ya nauli yako, kwa hiyo huandiki popote. Mwisho wa mwezi unashangaa pesa imekwenda wapi. Anayetaka kudumu huweka fungu la mlango, tuseme 300 kwa mwezi, analitenga tarehe moja, na likiisha limeisha. Lililobaki linapelekwa kwa kikundi. "Mama, hilo nitalifikisha kwa wenzangu" ni jibu la heshima, na ni la kweli. Ukijikuta unalipia tokeni za mtu kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, simama hapo hapo. Unakopa ili utoe, na deni litakuondoa kwenye kazi hii haraka kuliko uchovu.

Kuna gharama isiyoombwa kwa mdomo. Mzee mmoja ninayemjua hula nusu ya ugali, kisha anaukata uliobaki kwa uzi kama mtu anayekata sabuni, anaufunika kwa sahani na kuusukuma chini ya kitanda. Hasemi chochote. Ukishaona hivyo umejua kwamba hana chakula cha jioni, na wiki inayofuata mkono wako mwenyewe utaongeza unga kwenye sufuria. Hakuna kanuni itakayokuzuia, na sijui kama ningetaka iwepo. Ila ihesabu. Kama unapikia watu watatu na unga ni wa watu sita, kikundi kijue, kwa sababu mwenzako atakayekupokea atapika kwa watatu na nyumba itaona tofauti.

Muda nao una bei, na si sawa kwa wote. Mwenye mshahara wa mwezi akipoteza saa mbili Jumatano, mshahara ni ule ule. Mama fua akipoteza saa mbili hizo amepoteza nyumba moja ya kufulia, na siku ikishapita haifuliwi tena. Katika mitaa yetu wengi wanaojitolea ni hao wa pili, kwa sababu ndio wanaoishi karibu na wagonjwa. Nikipanga zamu, wa kibarua nawapa jioni au Jumapili, na kama ni lazima iwe mchana, kikundi kiwape chochote na kisiite msaada. Wenye mishahara wachukue saa sita mchana, au walipe boda.

Halafu kuna kifo. Watu hawa ni wazee na wagonjwa. Watakufa, na wewe utakuwa umeingia kwao mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima. Utaongezwa kwenye kundi la WhatsApp la matanga kabla machozi hayajakauka, jina lako litapachikwa kwenye orodha, na familia itatarajia kitu, maana wewe ndiye "yule wa chakula". Kataa na utaonekana ulikuwa unatafuta sifa. Changa kila mara kwa moyo wako na nyumba sita zitakumaliza kwa mwaka mmoja. Vikundi vinavyodumu huchanga kwa jina la kikundi, kiasi kimoja kwa kila marehemu, kilichokubaliwa mapema watu wakiwa hawana majonzi. Anayetaka kuongeza lake binafsi aongeze kimya kimya. Na baada ya mazishi, mpumzisheni aliyekuwa akipeleka chakula pale. Asipewe nyumba mpya wiki hiyo hiyo. Kuna kazi ya hotipoti, kuosha na kupanga, ambayo haina mlango.

Basi uchague ipi?

Ukiwa karibu, yaani chini ya dakika kumi na tano kwa mguu, tembea, lakini weka saa zako na uziseme siku ya kwanza mbele ya mtu mwingine wa nyumba hiyo. Usitembee kwenda kwenye nyumba zaidi ya mbili za mtaa wako. Ya tatu itakugeuza afisa wa mtaa bila mshahara.

Ukiwa mbali na huna gari, kibanda kwanza, matatu mara moja kwa wiki kumwona mtu. Ningechagua hivyo hata kama ningekuwa na nauli. Ukiwa na kazi ya kuajiriwa ndani ya mji huo huo, boda mmoja wa kudumu, na Jumamosi yako. Ukiwa na gari, omba mzunguko wa nyumba nyingi au uache. Gari kwa nyumba moja ni anasa unayojifanyia mwenyewe.

Ukiwa huna kazi kwa sasa na unafikiri una muda wa bure, anza na zamu moja kwa wiki. Kazi ikipatikana, na itapatikana, utakuwa na nyumba moja ya kumwachia mwenzako badala ya nne. Na kabla ya kuikabidhi, mpeleke huyo mwenzako mlangoni mara moja mkiwa wawili, mgonjwa aone sura mbili pamoja. Nambari ya jirani anayefungua geti mwandikieni kwenye karatasi, na nakala nyingine ikae ndani ya mfuko wa hotipoti, kwa sababu simu itazima chaji siku ile ile ambayo soja ni mgeni.